Jinsi intaneti ilivyopandishwa juu ya mtandao wa ATM, na sababu ya kuteremka

Herufi ATM zikitajwa nchini Kenya, anayesikia hufikiria mashine ya benki itemayo noti. Katika uhandisi wa mawasiliano, hata hivyo, herufi hizo ni jina la teknolojia nyingine kabisa: mbinu ya kusafirisha habari zikiwa zimekatwa vipande vidogo vyenye ukubwa mmoja, viitwavyo seli, kupitia njia iliyotengwa kabla ya safari kuanza. Kampuni za simu za Ulaya, Marekani na Japani zilitarajia teknolojia hiyo ibebe sauti, picha za televisheni na data za tarakilishi kwa pamoja. Mwaka wa 1988, shirika la kimataifa la viwango vya simu, CCITT, ambalo leo huitwa ITU-T, liliiteua iwe msingi wa mtandao mpya wa dunia.

Intaneti haikuwa katika hesabu hiyo. Ilipoanza kukua kwa kasi katika miaka ya tisini, ikabidi itafutiwe makao ndani ya nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Kazi ya kuikalisha humo iliwashughulisha wahandisi kwa sehemu kubwa ya muongo huo, na mwishowe mpangaji ndiye aliyebaki na nyumba.

NJIA KWANZA AU SAFARI KWANZA

Tofauti kati ya mifumo hii miwili haikuwa ya waya wala ya mitambo. Ilikuwa tofauti ya imani.

Itifaki ya intaneti, yaani IP, hufanya kazi kama posta. Ujumbe hugawanywa katika pakiti. Kila pakiti huandikwa anwani kamili ya inakokwenda na ya ilikotoka, kisha hutumwa. Kila ruta inayokutana nayo njiani husoma anwani, huamua ielekee wapi, huisukuma mbele na kuisahau papo hapo. Pakiti mbili za barua pepe moja zaweza kupitia njia tofauti. Ikipotea moja, ruta haiulizwi. Tarakilishi mbili zilizo kwenye ncha za safari ndizo zinazogundua pengo na kutumiana tena kilichopotea.

Mtandao wa kufungua njia kwanza hufuata desturi ya simu. Waliotumia simu za mezani za zamani watamkumbuka opereta: mtu aliomba namba ya mji mwingine, akasubiri, na opereta akaunganisha hatua kwa hatua hadi upande wa pili ukaitika. Mazungumzo hayakuanza kabla ya njia kukamilika. ATM ilifanya vivyo hivyo bila opereta. Ombi la njia lilitangulia, kila swichi ikaweka kumbukumbu ya njia hiyo, na baada ya hapo seli hazikuhitaji kubeba anwani ndefu. Zilibeba namba fupi tu, ambayo swichi iliitafuta katika jedwali lake na kuibadilisha kwa namba ya hatua inayofuata. Njia ya aina hiyo huitwa saketi pepe, kwa kuwa haina waya wake peke yake.

Ugomvi huu ulikuwa mkongwe. Nchini Ufaransa, Louis Pouzin alijenga mtandao wa CYCLADES katika miaka ya sabini kwa kutumia pakiti huru zisizo na saketi. Shirika la simu la serikali ya nchi hiyo lilipendelea saketi. Lilikuwa miongoni mwa walioshinikiza kiwango cha X.25 kilichopitishwa mwaka wa 1976, na mtandao wake wa Transpac, uliofunguliwa mwaka wa 1978, ukakifuata kiwango hicho. CYCLADES ikanyimwa fedha. Wazo la Pouzin, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Vinton Cerf na Robert Kahn walilijua walipochapisha ubunifu wao mwaka wa 1974, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ulihamia rasmi kwenye itifaki za TCP na IP.

Nyuma ya hoja za kiufundi palikuwa na swali la mamlaka na fedha. Anayefungua njia ndiye anayejua nani anazungumza na nani, kwa muda gani na kwa ubora upi. Kwa hiyo anaweza kutoza ada kwa kila kimojawapo. Mtandao wa pakiti huru humnyima mwenye nyaya nafasi hiyo na kukabidhi uamuzi kwa tarakilishi za watumiaji. Ni vigumu kuamini kwamba kampuni za simu hazikuliona jambo hilo.

Kwa upande wake, IP ilibuniwa ipite juu ya mtandao wowote ule, hata ule wa mahasimu. Mnamo Septemba 1983 ulichapishwa waraka wa RFC 877 ulioeleza namna ya kupitisha IP juu ya X.25, njia iliyotumiwa na CSNET kuunganisha idara za sayansi ya tarakilishi za vyuo vikuu vya Marekani. Waraka huo ulikuwa mfupi: fungua saketi pakiti inapotokea, ipitishe, ifunge saketi ikikaa bure. ATM haikukubali wepesi kama huo, na sababu ya kwanza ni ukubwa wa seli zake.

KIPIMO CHA GOROGORO

Seli ya ATM ina baiti 53. Kati ya hizo, 5 ni kichwa chenye namba ya saketi na alama nyingine za uongozaji. 48 ndizo mzigo wenyewe. Namba hii ya ajabu haikutokana na hesabu ya mhandisi yeyote. Wamarekani walitaka mzigo wa baiti 64, ambao ungewafaa wenye data. Wazungu, Wafaransa wakiwa mbele, walitaka 32. Mwaka wa 1989 pande hizo mbili zilikubaliana katikati, nayo katikati ikawa 48.

Hoja ya Wafaransa ilikuwa ya mwangwi. Sauti ya simu husafirishwa kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, sawa na baiti 8,000. Kujaza seli ya baiti 32 huchukua milisekunde 4. Ya 48, milisekunde 6. Ya 64, milisekunde 8. Kadiri sauti inavyochelewa ndivyo msemaji anavyosikia mwangwi wake mwenyewe, na kuuondoa kunahitaji vifaa maalum. Kwa nchi isiyo kubwa sana kama Ufaransa, baiti 32 zingewezesha simu za ndani kupita bila vifaa hivyo. Marekani ni pana. Huko vifaa vilihitajika kwa vyovyote vile. Hivyo basi, ukubwa wa kipande ambacho baadaye kingebeba kurasa za wavuti uliamuliwa na sikio la mtu anayezungumza na mwenzake kwa simu.

Mfano wa karibu ni soko la nafaka. Mkulima ana gunia la mahindi, lakini kanuni ya soko inadai kila nafaka ipite kwa gorogoro. Gunia litamiminwa, litapimwa gorogoro moja baada ya nyingine, na gorogoro ya mwisho isipojaa itajazwa makapi ili ilingane na nyenzake. Upande wa pili yote yamiminwe tena, gunia lishonwe upya. Pakiti ya IP ndilo gunia.

Utaratibu wa kupima na kushona ulipewa jina la AAL5. Huambatisha mkia wa baiti 8 mwishoni mwa pakiti, wenye urefu wa pakiti na hesabu ya kukagua makosa, kisha hujaza nafasi iliyobaki hadi mzigo wote ugawanyike kwa 48 bila baki. Biti moja katika kichwa cha seli hutangaza kwamba seli hiyo ndiyo ya mwisho. Mnamo Julai 1993, Juha Heinanen wa shirika la simu la Finland aliandika RFC 1483, uliotoa njia mbili za kutambulisha kilichomo. Ya kwanza ni kuongeza kitambulisho cha baiti 8 mbele ya kila pakiti, ili saketi moja ibebe itifaki nyingi. Ya pili ni kuitengea kila itifaki saketi yake na kuachana na kitambulisho.

Gharama yake yaweza kuhesabiwa na yeyote. Pakiti ya kawaida ya baiti 1,500, pamoja na kitambulisho na mkia, hufika 1,516. Hizo huingia katika seli 32, zenye nafasi ya 1,536, kwa hiyo baiti 20 ni makapi. Kwenye waya, seli 32 ni baiti 1,696. Takriban asilimia 11.6 ya kilichosafirishwa si pakiti. Wahandisi wa intaneti waliiita kodi ya seli, na hawakuitamka kwa upole.

Pakiti ndogo ziliumia zaidi. Itifaki ya TCP hutuma kila mara stakabadhi ya baiti 40 kuthibitisha kwamba mzigo umepokelewa. Bila kitambulisho, 40 na mkia wa 8 ni 48 kamili, seli moja isiyo na pengo hata kidogo. Kitambulisho kikiongezwa, jumla ni 56. Seli moja haitoshi, zinahitajika mbili, na baiti 106 zinatumwa ili 40 zifike. Baiti nane zilitosha kuongeza gharama maradufu.

KUTAFUTA JIRANI BILA KUPAZA SAUTI

Tatizo la pili lilikuwa la anwani. Kwenye mtandao wa Ethernet wa ofisini, tarakilishi inayotaka kumfikia jirani yake hupaza sauti: nani hapa mwenye anwani hii ya IP? Wote husikia, mhusika hujibu. Katika ATM hakuna pa kupazia sauti. Hakuna anayesikia chochote kabla saketi haijafunguliwa kumwelekea, na saketi haifunguliwi bila anwani ya ATM, ambayo ina baiti 20 na haina uhusiano wowote na anwani ya IP ya baiti 4.

Jawabu lililoenea lilitolewa Januari 1994 na Mark Laubach, wakati huo akiwa katika maabara za Hewlett-Packard, kupitia RFC 1577. Aliuita mpango wake wa jadi kwa sababu ulikataa kuvuruga mazoea ya IP. Tarakilishi na ruta zilizounganishwa na ATM ziligawanywa katika vikundi, na kila kikundi kikawekewa seva ya daftari. Mwanakikundi akiwaka, hufungua saketi kwenda kwa seva na kujiandikisha kwa anwani zake zote mbili. Anayemtafuta mwenzake humuuliza seva, hupewa anwani ya ATM, kisha hufungua saketi ya moja kwa moja. Alichojifunza hukihifadhi kwa dakika 15. Seva yenyewe huhifadhi kwa dakika 20, halafu huhakikisha upya. Ukubwa wa juu wa pakiti uliwekwa kuwa baiti 9,180.

Mpango huo ulifanya kazi, na katika mitandao mingi ulikuwa ndio unaotegemewa. Kasoro zake zilikuwa mbili. Seva ilikuwa moja kwa kila kikundi, kwa hiyo ikizimika hakuna mgeni anayeweza kupata njia. Ya pili ilikuwa ya kushangaza zaidi. Tarakilishi mbili zinazoning'inia kwenye swichi moja ya ATM, zikiwa katika vikundi tofauti vya IP, hazikuruhusiwa kufunguliana saketi. Ilibidi pakiti iende kwa ruta, seli zishonwe kuwa pakiti, anwani isomwe, kisha pakiti ikatwe seli upya na kurudishwa kwenye swichi ile ile ilikotoka.

Juhudi za kukata kona hiyo zilizaa itifaki nyingine, NHRP, iliyochapishwa Aprili 1998 baada ya miaka mingi ya majadiliano, ambayo iliwezesha kuuliza anwani ya ATM ya mtu aliye nje ya kikundi. Jukwaa la ATM, muungano wa kampuni ulioanzishwa mwaka wa 1991, lilikuwa limeshachukua mkondo wake mnamo 1995 kwa kuifanya ATM ijisingizie kuwa Ethernet, ikiwa na seva ya kupaza sauti kwa niaba ya wengine. Kutuma ujumbe mmoja kwa wapokeaji wengi kulihitaji seva ya namna nyingine tena. Kila jambo ambalo Ethernet ililipata bure, ATM ililinunua kwa kuongeza seva.

SELI MOJA IKIPOTEA

Hatari iliyowasumbua zaidi watafiti haikuonekana kwenye karatasi za viwango. Swichi ya ATM ikifurika hutupa seli. Haijui seli hiyo ni ya gunia gani. Lakini pakiti iliyokosa seli moja haishoneki. Hesabu ya kukagua makosa itakataa, na pakiti nzima itatupwa kule mwisho wa safari. Seli nyenzake, ambazo zimekwisha kutumia nafasi ya waya uliosongamana, zilisafiri bure. TCP nayo, ikigundua pengo, hutuma pakiti nzima upya na kuongeza msongamano.

Tuseme seli moja kati ya 1,000 inapotea, kila moja kwa bahati yake. Pakiti ya baiti 1,500, yenye seli 32, itaharibika mara 3 hivi kati ya 100. Ile ya baiti 9,180 inahitaji seli 192, na itaharibika zaidi ya mara 17 kati ya 100. Pakiti kubwa, ambayo ilichaguliwa ili kupunguza kazi ya tarakilishi, ndiyo iliyokuwa hatarini zaidi.

Allyn Romanow na Sally Floyd walilichunguza suala hilo katika utafiti waliouwasilisha mwaka wa 1994, nao walionyesha jinsi TCP inavyodhoofika juu ya ATM yenye msongamano. Dawa waliyoipendekeza ilikuwa nyepesi. Akiba ya swichi ikikaribia kujaa, isingojee kufurika. Ikatae pakiti mpya nzima tangu seli yake ya kwanza, na kuacha zile zilizoanza kupita zimalizike. Ni afadhali kumzuia abiria mmoja kituoni kuliko kumteremsha kila abiria nusu ya safari. Watengenezaji wa swichi waliikubali dawa hiyo. Jambo la kutafakari ni kwamba ili ifanye kazi, swichi ililazimika kutambua pakiti inaanzia wapi na kuishia wapi, yaani kujua kile ambacho waasisi wa ATM walikusudia isikijue.

Fauka ya hayo, ile sifa kuu ya ATM, ahadi ya ubora, haikuwafikia watumiaji wa intaneti. ATM iliweza kutenga kasi maalum kwa saketi, ikatofautisha sauti isiyovumilia kuchelewa na faili inayovumilia. Lakini safari ya intaneti huvuka mitandao mingi, na aghalabu mmoja au miwili tu ndiyo iliyokuwa ya ATM. Ahadi ya kipande kimoja cha barabara haimhakikishii msafiri saa ya kufika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya IP ilipitishwa katika daraja la chini kabisa, lisiloahidi chochote.

UTANDO WA RUTA

Kwa nini basi kampuni za intaneti zilijitwisha mzigo huu? Kwa sababu katikati ya miaka ya tisini hazikuwa na njia bora. Ruta za wakati huo zilikuwa tarakilishi zenye programu: zilipopokea pakiti, zilipekua jedwali refu zikitafuta anwani inayolingana zaidi, kazi iliyochukua muda. Swichi ya ATM ilitazama namba moja mahali pamoja. Waya wa megabiti 155 kwa sekunde hupitisha seli 353,000 hivi kila sekunde, na swichi zilizimudu. Mtandao wa vBNS, uliofunguliwa mwaka wa 1995 na kampuni ya MCI kwa fedha za Wakfu wa Sayansi wa Marekani ili kuunganisha vituo vya tarakilishi kubwa, ulipitisha IP juu ya ATM kwa kasi hiyo hiyo.

Wahandisi hawakungoja kufungua saketi kila pakiti inapotokea. Mazungumzo mengi ya intaneti ni mafupi mno. Swali la jina la tovuti ni pakiti moja kwenda na moja kurudi, na kufungua saketi kwa ajili yake kungehitaji ujumbe mwingi kuliko mazungumzo yenyewe. Walizifunga saketi kwa mkono, za kudumu, kutoka kila ruta hadi kila ruta.

Hapo utando ukaanza kuwakaba. Ruta 10 zinahitaji saketi 45. Ruta 50 zinahitaji 1,225, na ruta 100 zinahitaji 4,950. Kuongeza ruta ya mia na moja ni kufunga saketi mia moja mpya. Isitoshe, saketi nyingi hupita katika faiba moja. Jembe likikata faiba hiyo, kila ruta huona majirani wengi wametoweka kwa mpigo, na zote huanza kupashana habari za msiba kwa wakati mmoja, mafuriko ambayo yaliweza kuzilemea ruta zilizokuwa salama. Mitandao miwili ilikuwa ikiendeshwa kwa gharama ya miwili, kila mmoja na ramani yake, na hakuna aliyeisoma ya mwenzake.

NAMBA ILIYOBAKI

Kampuni ndogo ya California, Ipsilon, ilitikisa mambo mwaka wa 1996. Ilichukua mitambo ya swichi ya ATM, ikatupa programu zote za kufungua njia za ATM, na kuweka IP mahali pake. Pakiti za kwanza za mazungumzo zilipita kwa ruta. Mazungumzo yakionekana ni marefu, swichi ilipewa namba na kuyapitisha yenyewe. Toshiba ya Japani ilikuwa na wazo la jamaa hiyo. Nokia iliinunua Ipsilon mwishoni mwa 1997, lakini kishindo kilikuwa kimekwisha kusikika.

Cisco ilijibu kwa mpango wake, IBM kwa wake. Hawa hawakungoja mazungumzo yatokee. Walitoa namba kwa kila maelekeo yaliyomo katika jedwali la ruta, mapema, hata kabla ya pakiti yoyote kufika. Mipango hiyo iliunganishwa kuwa kiwango kimoja, MPLS, ambacho msingi wake, RFC 3031 wa Eric Rosen, Arun Viswanathan na Ross Callon, ulichapishwa Januari 2001. Namba ya MPLS ina biti 20, imo katika kibandiko cha baiti 4, na hubandikwa mbele ya pakiti nzima. Gunia halipimwi tena kwa gorogoro. Linabandikwa lebo na kupakiwa.

Hii ndiyo sababu si haki kusema ATM ilishindwa kabisa. Kilichoshindwa ni seli, pamoja na dhana kwamba mtumiaji mwenyewe ataomba njia kila anapotaka kusema. Namba fupi inayobadilishwa hatua kwa hatua, na njia iliyotengwa mapema ndani ya mtandao wa kampuni, vilihamia upande wa washindi na kubadilishwa jina. Benki ya Kenya yenye matawi mengi ikikodi mtandao wa ndani, mara nyingi huuziwa huduma ya MPLS. Kwa hiyo mashine ile ya noti huenda inazungumza na makao makuu kupitia mrithi wa ATM ya kihandisi.

Seli yenyewe iliuawa na kasi. Ilikuwa ndogo ili sauti isikwame nyuma ya pakiti kubwa. Kwenye waya wa kilobiti 64, pakiti ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 187 kupita, na anayengoja nyuma yake ataona uchungu. Kwenye waya wa megabiti 155 huchukua chini ya milisekunde 0.1. Kwenye faiba ya gigabiti 10 huchukua mikrosekunde 1.2, muda usio na maana kwa sikio la binadamu. Wakati huo huo, kukata na kushona kulizidi kuwa kugumu: faiba hiyo ya gigabiti 10 ingedai seli zaidi ya milioni 22 kwa sekunde. Mwaka wa 1998 kiwango cha Ethernet ya gigabiti moja kilipitishwa, na ruta zinazosoma anwani kwa saketi za silikoni zikaingia sokoni. Faida ya swichi ikayeyuka. Mnamo 2005 Jukwaa la ATM liliungana na lile la MPLS na kupoteza jina lake.

Nchi zilizochelewa kupata faiba zilikwepa gharama ya mdahalo huu. Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na ng'ambo hadi nyaya za SEACOM na TEAMS zilipotia nanga Mombasa mwaka wa 2009, na kufikia hapo wenye mitandao mikuu duniani walikuwa wameshachagua IP pamoja na MPLS.

Mahali ambapo ATM iliingia hadi sebuleni ni kwenye ADSL, teknolojia ya intaneti kupitia nyaya za shaba za simu ya mezani, iliyouzwa Kenya pia. Huko hoja ya seli ndogo ilikuwa bado na mashiko. Mteja mwenye kasi ya kupakia ya kilobiti 128 angekuta pakiti moja kubwa imeziba waya kwa karibu milisekunde 94. Lakini kodi ilikuwa ile ile. Modemu ilionyesha megabiti 8 kwa sekunde, nafasi ya mzigo ndani ya seli haikuzidi 7.2, na mteja aliyepima akaona amepunjwa, ilhali tangazo lilitaja kasi ya waya bila kutaja seli. Kiwango kilichofuata cha nyaya za shaba, VDSL2 cha mwaka wa 2006, kiliwezesha kubeba pakiti bila kuzikata.

Aliyefunga modemu ya ADSL kwa mkono atakumbuka ukurasa uliomtaka ajaze namba mbili, aghalabu 0 na 35 au 8 na 35, ambazo mhudumu alizitaja kwa simu bila maelezo. Hizo ndizo namba za saketi pepe ya ATM. Palipo na nyaya za aina hiyo ambazo hazijang'olewa, namba hizo zingali zinajazwa, na pakiti ya baiti 1,500 ingali inakatwa vipande 32.